Pesa Ikipotea Safarini, Asubuhi Utakuwa na Nini?

Wengi wanaojiandaa kwenda likizo nje ya nchi huuliza swali moja: nibebe kiasi gani? Ni swali la haki, lakini lipo lingine la kulitanguliza. Mkoba ukiibwa usiku katika mji ambao humjui mtu, kesho yake asubuhi utakuwa na nini mkononi? Msafiri mwenye jibu la swali hili kabla hajafunga sanduku amejipanga, hata kama fedha zake ni chache. Asiye na jibu, hata awe na dola elfu tatu kiunoni, bado hajajipanga.

Kwa zaidi ya miaka mia jibu lilikuwa hundi ya msafiri. Mwaka 1772 Robert Herries, mwenye benki jijini London, alianza kutoa hati ambazo msafiri aliweza kuzibadilisha kuwa fedha taslimu katika miji mingi ya Ulaya. Hundi ambayo wazee wetu wanaikumbuka ilianza Marekani mwaka 1891, katika kampuni ya American Express. Mkuu wa kampuni, J. C. Fargo, alikuwa amerudi kutoka Ulaya na hasira, kwa sababu barua za dhamana alizobeba hazikumfaa alipotoka nje ya miji mikubwa. Mfanyakazi wake, Marcellus Berry, akabuni utaratibu wa saini mbili.

Utaratibu huo ulikuwa rahisi na wa busara. Ulinunua hundi benki, ukatia saini ya kwanza kwenye kila moja mbele ya karani, ukapewa na risiti yenye namba zake zote. Siku ya kuitumia ulitia saini ya pili mbele ya anayeipokea, naye akazilinganisha. Aliyekuibia alibaki na karatasi isiyomfaa. Wewe, mradi risiti uliitunza mbali na hundi, ulipiga simu, ukasoma namba, ukapewa nyingine. Watalii waliokuja Mombasa, Zanzibar na Arusha miaka ya 1980 na 1990 walizitoa hotelini na benki bila mtu kushangaa.

Leo American Express haiuzi tena hundi mpya. Za zamani bado zinalipwa, kwani hazina tarehe ya mwisho. Kwa hiyo ukizikuta katika makaratasi ya mzazi aliyefariki, usizitupe: warithi huwasiliana na kampuni yenyewe na kuonyesha nyaraka za mirathi. Lakini usizichukue kama pesa ya safari, maana utazunguka nazo kaunta hadi kaunta na likizo itakwisha. Kuikosa ile kinga zilizokuwa nayo ndiyo hasara yetu kubwa. Hakuna njia moja ya sasa inayoitoa yote peke yake, kwa hiyo msafiri anapaswa kuiunganisha mwenyewe kutoka noti, kadi, simu na ndugu walio nyumbani.

Noti, na kwa nini umri wake una maana

Shilingi zetu hazisafiri mbali. Za Kenya utazibadilisha bila shida Arusha, Moshi au Dar es Salaam, na za Tanzania utazibadilisha Namanga au Taveta, lakini ukizipeleka Dubai au Mumbai utaishia kupewa kiwango cha kuumiza, au kukataliwa kabisa. Ndiyo maana watu wetu wengi huondoka na dola za Marekani.

Hapo ndipo wengi wanapoumia bila sababu. Serikali ya Marekani inazitambua noti zake zote, za zamani na mpya. Anayekaa nyuma ya dirisha la kubadilishia fedha ana utaratibu wake. Tanzania, dola iliyochapishwa kabla ya 2006 mara nyingi hukataliwa au hupunguzwa bei. Kongo, kuanzia Goma hadi Lubumbashi, mchaniko mdogo pembeni mwa noti unatosha muuzaji kukurudishia. Unapochukua dola benki, zikague pale pale kaunta: mwaka ulioandikwa, mihuri, wino, mikunjo iliyokwisha kuwa nyufa. Karani akikunja uso, mwache akunje, kwa sababu ukishatoka mlangoni noti mbovu ni yako. Kwetu pia noti ya 100 au 50 hubadilishwa kwa kiwango kizuri kuliko ya 20, 10 au 1. Hata hivyo beba chache ndogo, maana usiku wa kufika dereva wa teksi hatakuwa na chenji ya dola 100.

Tahadhari hii inahusu pia noti za Afrika Mashariki zenyewe. Kenya iliondoa noti ya zamani ya shilingi 1,000, na mwisho wa kuitumia ulikuwa Septemba 30, 2019. Tanzania iliziondoa noti za matoleo ya 1985 hadi 2003, pamoja na ile ya karatasi ya shilingi 500 ya mwaka 2010, katika zoezi lililoanza Januari 6 na kufungwa Aprili 5, 2025. Mgeni asiyejua haya ndiye anayetafutwa na vijana wenye mabunda mkononi kwenye mipaka ya barabara. Watakupa kiwango kizuri kupita cha dirishani, watahesabu mbele yako, watazichukua tena eti wahakikishe, na zitakaporudi zimepungua au zimechanganywa na noti zilizokwisha kufa. Mimi nasema bila kusita: usibadilishe pesa barabarani, hata kama foleni ya benki ni ndefu. Ukiwa na haraka, badilisha kiasi cha nauli na chakula tu kwenye duka lenye leseni, kingine kitangoja mjini.

Anayeingia Tanzania, awe mgeni au mwenyeji anayetoka ughaibuni, ajue kwamba tangu Machi 28, 2025 kanuni zinakataza bidhaa na huduma za ndani kupangiwa bei au kulipwa kwa fedha za kigeni. Zamani mtu aliweza kushuka na dola zake na kulipa chumba moja kwa moja. Sasa unapita kwanza benki au duka la kubadilishia fedha, ukiwa na pasipoti, na risiti unaitunza. Yako maeneo machache yaliyoachwa nje ya kanuni hizo, kama maduka yasiyotozwa ushuru, lakini msafiri wa kawaida ajipange kulipa kwa shilingi.

Kusoma ubao wa kiwango

Kila duka la kubadilishia fedha lina ubao wenye safu mbili: wanachonunulia na wanachouzia. Pengo kati ya safu hizo ndilo pato lao, hata pale wanapoandika kwamba hawatozi ada. Tuseme dola inanunuliwa kwa 2,500 na kuuzwa kwa 2,600. Ukinunua dola 500 unalipa 1,300,000. Safari ikiahirishwa ukazirudisha kesho yake, unapewa 1,250,000. Shilingi 50,000 zimekwenda, na hukupanda hata ndege. Kabla ya kukubali, uliza swali moja tu: nikikupa hizi, nitaondoka na ngapi mkononi, makato yote yakiwa yametolewa? Jibu hilo ndilo la kulinganisha na duka la jirani.

Kwa anayekwenda nchi za Ghuba kazi ni nyepesi, kwa sababu fedha za nchi nyingi huko zimefungwa kwenye dola. Riyali ya Saudia ni 3.75 kwa dola tangu 1986, na dirham ya Falme za Kiarabu iko kwenye 3.6725 tangu 1997. Hesabu hizi zikiwa kichwani, huhitaji kubahatisha. Mahujaji na wanaokwenda umra wanapoambiwa Jeddah kwamba dola moja ni riyali 3.60, wajue kwamba kwa kila dola 500 wanaacha riyali 75 mezani. Oman huwashtua wengi: riyali yake ni kama dola 2.60, na imegawanywa katika baisa 1,000, kwa hiyo dola 100 zitakupa takriban riyali 38. Hujadhulumiwa; fedha yao ni nzito. Kinachotakiwa ni kuwa makini na bei, maana riyali tatu za chakula husikika kama si kitu.

Uwanja wa ndege kwa kawaida ndiko kwenye kiwango kibaya. Badilisha kiasi cha kukufikisha unakolala, basi.

Kadi

Kadi ya benki ndiyo iliyo karibu zaidi na ile kinga ya zamani. Ikiibwa unaifunga, na fedha zinabaki kwenye akaunti. Lakini inakulinda ikiwa tu umefanya kazi kabla ya kuondoka.

Kwanza, hakikisha benki imeifungulia kadi matumizi ya nje ya nchi. Benki nyingi zetu huzifunga kwa usalama, na mteja hugundua akiwa kwenye foleni ya hoteli saa nane ya usiku. Uliza pia ukomo wa kutoa na kulipa kwa siku. Pili, namba ya simu ya dharura imeandikwa nyuma ya kadi, na kadi ndiyo itakayoibwa. Iandike kwenye karatasi, ikiwa kamili na alama ya kupigia kutoka nje, uiweke mbali na pochi. Ipige ukiwa bado nyumbani uone kama inaita. Namba fupi za tarakimu tatu nne hazitakusaidia ukiwa Istanbul.

Tatu, yajue makato. Ukitoa fedha kwenye ATM ya nje unaweza kukatwa mara tatu: benki yako inatoza ada ya kutoa nje, mwenye mashine anatoza yake, na kiwango cha kubadilishia kinabeba asilimia juu. Ada ya kutoa mara nyingi haijali ukubwa wa kiasi. Kama kila kutoa kunagharimu shilingi 10,000, mtu anayetoa kidogo kidogo mara tano ameacha 50,000, na anayetoa mara moja ameacha 10,000. Kiasi kikubwa kidogo kwa mara chache ni bora, mradi una mahali salama pa kukiweka hotelini.

Halafu lipo jambo ambalo natamani kila msafiri alikariri. Mashine ya ATM, au ile ya kulipia dukani, inaweza kukuuliza kama unataka kulipa kwa fedha ya nchi uliyopo au kwa fedha ya nchini kwako. Kuona shilingi kwenye kioo cha mashine ugenini kunatuliza roho, na ndiyo maana watu hubonyeza. Ukichagua shilingi umemruhusu mwenye mashine akupangie kiwango chake mwenyewe, na mara nyingi ni kibaya kuliko cha benki yako. Chagua fedha ya nchi uliyopo. Ukiwa Dubai lipa kwa dirham, Uturuki kwa lira, Nairobi kwa shilingi ya Kenya. Mhudumu akibonyeza kwa niaba yako, angalia risiti kabla hujaingiza namba ya siri, na ikiwa ni sarafu yako mwambie afute aanze upya. Ni haki yako.

Hoteli zina tabia nyingine ya kuijua mapema. Unapoingia huzuia kiasi fulani kwenye kadi kama dhamana. Ukitumia kadi inayokata moja kwa moja kwenye akaunti, pesa hiyo huifikii mpaka waiachie, na inaweza kuchukua siku kadhaa baada ya kuondoka. Familia iliyopanga kutumia akaunti hiyo hiyo kwa chakula na matembezi hujikuta imebanwa huku salio linaonekana lipo. Mwenye kadi ya mkopo aitumie kwa dhamana, na asiye nayo aulize hoteli kabla kama inapokea dhamana ya taslimu. Dubai kuna pia ada ya utalii ya dirham 7 hadi 20 kwa chumba kwa kila usiku kulingana na daraja la hoteli, na mara nyingi hulipwa ukifika hata kama chumba ulikilipia kwa intaneti.

Kwenye ATM tumia iliyo ndani ya benki, saa za kazi, si iliyojificha kwenye uchochoro. Sababu si wizi wa kificho peke yake. Mashine ikimeza kadi saa tano asubuhi ndani ya benki, kuna mtu wa kumwambia.

Simu ni pochi, hadi utakapovuka mpaka

Tangu M-Pesa ianze Kenya mwezi Machi 2007 na kufika Tanzania mwaka uliofuata, tumezoea kutembea bila noti. Mazoea hayo yanatudanganya safarini. Jina M-Pesa liko Dar es Salaam na Nairobi, lakini wakala wa Nairobi hawezi kukupa taslimu kutoka kwenye laini yako ya Vodacom Tanzania. Kinachowezekana ni kutuma kutoka akaunti yako kwenda kwenye namba ya mtu wa Kenya, naye akakutolea. Huduma ya kutumiana kati ya Vodacom Tanzania na Safaricom ilianza mwaka 2015, na mitandao mingine ina njia zake za kuvuka mipaka. Kama una ndugu au mwenyeji unayemwamini, hii ni njia ya haraka kuliko benki. Kama huna, sajili laini ya huko kwa pasipoti yako siku ya kwanza, kwenye duka la kampuni lenyewe, kisha ujitumie mwenyewe.

Kuna pia kadi pepe zinazounganishwa na akaunti ya simu kwa ajili ya malipo ya intaneti. Zinafaa kwa tiketi na vyumba, na zina uzuri mmoja: unaweka kiasi cha malipo hayo tu, kwa hiyo namba zake zikivuja hakuna cha kuchota.

Anayekwenda Guangzhou au Yiwu afikirie simu kwa namna nyingine. China maduka mengi hutegemea malipo ya simu, na mgeni anaweza kuunganisha kadi yake ya Visa au Mastercard na Alipay au WeChat. Fanya hivyo ukiwa nyumbani, wakati laini yako inapokea ujumbe wa kuthibitisha.

Ujumbe huo wa kuthibitisha ndio mtego. Benki hutuma tarakimu za siri kwenye laini uliyosajili. Ukiitoa ili uweke laini ya ugenini, hazikufikii, na malipo yanakwama. Acha laini ya nyumbani ndani ya simu, iwe imefunguliwa huduma ya nje kabla hujaondoka, na ya ugenini uiweke kwenye nafasi ya pili. Simu yenyewe iwe na namba ya siri, na laini nayo iwe na yake. Simu inapoibwa, programu ya benki, pochi ya simu na ujumbe wa kuthibitisha vinaondoka pamoja. Kwa swali letu la asubuhi, simu pekee si jibu.

Kutumiwa kutoka nyumbani

Kila kitu kikipotea, kampuni za kutuma fedha kama Western Union na MoneyGram bado ndizo tegemeo, kwa kuwa mpokeaji hahitaji akaunti. Ndugu anatuma, anakupa namba ya muamala, wewe unakwenda na kitambulisho. Kinachokwamisha watu ni majina. Mama nyumbani ameandika jina unaloitwa mtaani, au majina mawili, na pasipoti ina matatu. Mwachie anayebaki nakala ya ukurasa wa pasipoti yako ili aandike herufi kwa herufi.

Na pasipoti ikiibwa pamoja na pesa? Anza polisi ukapate taarifa ya upotevu kwa maandishi, kisha nenda ubalozi wa nchi yako, ambako utaomba hati ya dharura ya kusafiria. Ubalozi si benki, usitegemee utakupa nauli. Mwenzako wa safari anaweza kukupokelea fedha kwa jina lake wakati wewe unashughulikia hati, ndiyo maana wanaosafiri wawili wasibebe kila kitu kwenye mkoba mmoja.

Wanaokwenda India kwa matibabu wana mzigo mkubwa zaidi, na wanastahili uangalifu wa pekee. Fedha ya hospitali iende kwa uhamisho wa benki, kwa ankara ya hospitali, ikiwezekana kabla ya safari. Mgonjwa na anayemsindikiza wabebe taslimu ya kula, kulala na dawa ndogo tu. India inamtaka mgeni atangaze forodhani akiingia na noti za fedha za kigeni zinazozidi dola 5,000. Tanzania na Kenya kiwango cha kutangaza ni dola 10,000 au thamani yake, Umoja wa Ulaya ni yuro 10,000, Falme za Kiarabu ni dirham 60,000. Kubeba si kosa. Kosa ni kunyamaza, na fedha zinaweza kuzuiwa wakati mgonjwa anasubiri kitanda. Jaza fomu, chukua nakala yenye muhuri.

Mgawanyo

Kwa safari ya wiki moja, ningemshauri mtu abebe taslimu ya siku mbili tatu, iliyogawanywa sehemu mbili zisizokaa pamoja. Awe na kadi mbili za benki tofauti, moja mfukoni na nyingine hotelini ndani ya kasha. Karatasi moja iwe na namba za dharura za benki, namba ya pasipoti, ya ubalozi na za watu wawili nyumbani, kwa sababu namba zote tumeziweka kwenye simu na hatukumbuki hata moja. Nakala ya karatasi hiyo ibaki kwa mtu wa nyumbani. Namba za siri zisiandikwe popote.

Ukikaribia kurudi, noti zilizobaki zibadilishe kabla ya kuondoka huko. Sarafu za chuma ziishe kwenye maji na chai ya uwanja wa ndege, maana madirisha ya kwetu hayazipokei. Kisha omba taarifa ya akaunti na uilinganishe na risiti zako kwa mwezi mzima, kwa kuwa malipo ya hoteli na ya kukodi gari wakati mwingine huja yamechelewa. Ukiona kiasi usichokitambua, andika malalamiko benki siku hiyo hiyo na uombe namba ya kumbukumbu. Na matumizi ya nje ya nchi kwenye kadi yako, yafunge tena.